Tulivyoitafuta Sauti ya Nne

Kuna jambo moja lililotuhangaisha nyumbani kwetu Bukavu kwa muda wa mwaka mzima, nasi twaona yafaa kuliandika, maana huenda likamsaidia mwingine asipoteze fedha zake kama sisi tulivyopoteza zetu. Ni habari ya kuchagua ampli na bafle za nyumbani, yaani mashine ya kukuza sauti na masanduku yanayoitoa sauti hiyo, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huyaita spika. Msicheke. Hata sisi tulidhani ni mambo ya anasa tu. Kumbe yalikuwa mambo ya baba yetu.

Sisi tu watoto wanne wa nyumba moja, huko Bagira. Baba alikuwa mtu wa kazi za mikono na maneno machache. Mezani alisema kidogo, na barabarani alisalimu kwa kuinua kofia tu. Lakini kila Dominika alisimama nyuma ya wenzake katika kwaya ya parokia, akaimba sauti ya nne, ile nene inayobeba nyingine zote kama msingi unavyobeba nyumba. Alipofariki hakuacha barua wala picha nyingi. Aliacha sanduku la mbao lenye santuri chache na kaseti moja, ambayo mtu fulani aliirekodi kanisani mwaka 1978, siku ya sikukuu ya parokia. Katika vita vya 1996 gramofoni iliporwa. Santuri na kaseti zilibaki, kwa sababu aliyepora hakuona faida ndani yake.

Mwaka juzi mdogo wetu wa mwisho aliichukua kaseti ile kwa kijana mmoja, naye akaihamishia katika simu. Jioni ile tukamkalisha Mama katikati yetu. Tukampa simu mkononi, naye akaiweka sikioni. Akasikia akina mama wakiimba, akawataja majina mmoja mmoja. Akasikia sauti ya tatu, akacheka, maana mmoja wao alikuwa jirani yetu. Kisha akakaa kimya, akarudisha simu.

«Baba yenu hayumo humu,» alisema.

«Yumo, Mama. Siku ile alikuwapo, wewe mwenyewe ulituambia.»

«Nimeishi naye miaka 31, wanangu. Angekuwamo ningemjua.»

Maneno hayo yalituchoma. Tena juma lilelile tulikuwa tumempeleka kwa mganga, naye alitueleza kwamba masikio yake yanaanza kuchoka kwa uzee. Sauti nyembamba huondoka kwanza, kama vile za ndege na za watoto wadogo. Sauti nene hubaki muda mrefu zaidi. Basi tukajua mambo mawili. La kwanza, muda wetu si mwingi. La pili, sauti ambayo masikio ya Mama yaweza bado kuishika vizuri ndiyo ileile ambayo simu haiwezi kuitoa.

Tukafanya shauri, tukachanga fedha. Hapo ndipo tulipoanza kukosea.

Yaya yetu, mkubwa wetu sote, aliona katika duka moja mjini sanduku refu lenye taa za rangi, nalo limeandikwa kwa herufi kubwa: WATI 5000. Tuliwaza kwamba zikiwa wati 5,000, hata marehemu atasikika kutoka kaburini. Tukalipa dola 400, tukalibeba sanduku hadi Bagira kama wabebao arusi. Majirani wakaja kutazama. Tulipoweka sauti ya kwaya, dirisha likatetemeka, mabati yakalia, na Mama akaziba masikio. Kulikuwa na ngurumo, ndiyo, lakini ilikuwa ngurumo moja tu. Wimbo upande au ushuke, chini ilisikika bum ileile, kama mtu apuliziaye mdomo wa mtungi. Baba hakuwamo katika ile bum. Baada ya majuma sita umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, sanduku likatoa moshi kidogo likafa. Aliyetuuzia alisema si kazi yake.

Tulilipeleka kwa fundi mmoja mzee, aliyetengeneza redio tangu ujana wake. Alilitazama mbele, akatabasamu. Akaligeuza, akatuonyesha nyuma maandishi madogo tusiyoyasoma: chombo hiki hutumia umeme wa wati 120.

«Watoto wangu,» alisema, «ng'ombe akinywa debe moja la maji, atawapa madebe arobaini ya maziwa? Kinachoingia ni 120. Hizo 5,000 zitatoka wapi?»

Tukaona haya. Lakini mzee yule hakutucheka zaidi. Alituuliza twatafuta nini, nasi tukamwambia habari ya Baba. Akanyamaza kitambo, kisha akaanza kutufundisha siku ya posho moja baada ya nyingine. Tutayaeleza mafundisho yake kama tulivyoyashika.

La kwanza, wati si kitu cha kushindania. Bafle hupimwa hivi: hupewa wati 1, na sauti yake hupimwa mita 1 mbele yake kwa kipimo kiitwacho desibeli. Moja hutoa desibeli 84, nyingine 90, nyingine 93. Mtu asiyejua ataona tofauti ni ndogo. Lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu za ampli mara mbili. Kwa hiyo bafle ya 84 itataka wati 8 ili kusema kwa nguvu ambayo bafle ya 93 husema kwa wati 1. Tena ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, yahitaji kuzidisha wati mara 10 hivi. Ndiyo maana ampli ya wati 100 haipiti sana ile ya wati 50, ingawa bei yaweza kupita sana. Katika chumba cha watu wa kawaida, wanaosikiliza bila kupiga kelele, mara nyingi ampli hutumia wati 1 au 2 tu. Nguvu nyingine ni akiba ya pale waimbaji wote wanapoinua sauti kwa ghafula.

Akiba hiyo ina maana yake. Ampli dhaifu ikilazimishwa, hukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Wimbo hukwaruza, na ile spika ndogo ya sauti nyembamba huungua. Tena yafaa kutazama omu zilizoandikwa nyuma ya bafle. Bafle ya omu 4 huvuta umeme mwingi kuliko ya omu 8, na ampli isiyo na kifua hupata moto na kuchoka mbele yake. Basi vyombo hivi viwili huchaguliwa pamoja, kama jembe na mpini.

La pili, sauti nene ni hewa nyingi inayosukumwa. Sauti ya nne ya mwanamume hushuka mpaka karibu na mitikisiko 80 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha, nayo hudhoofika kabla ya kufika hata 300. Huwezi kupepea jiko la makaa kwa kidole, wataka kipepeo. Ndivyo bafle nayo: ili imtoe mwimbaji wa sauti ya nne, yataka spika pana ya kutosha, kama sentimita 20, na sanduku lililo imara lisiloimba lenyewe. Sanduku jepesi la mbao nyembamba huongeza ngurumo yake juu ya kila wimbo, na hiyo ndiyo bum tuliyoinunua kwa dola 400.

Mzee alitueleza pia kwamba kazi hii si ya jana. Spika ya namna tuitumiayo hadi leo, yenye karatasi iliyosukwa na koili na sumaku, ilielezwa mwaka 1925 na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg. Miaka kama mia moja imepita, na watu wangali wakiitengeneza kwa namna ileile, wakibadili vitu vya kuundia tu. Na huko Uingereza, wahandisi wa shirika la utangazaji la BBC, walipounda bafle za kazi yao, hawakutegemea mashine za kupimia peke yake. Walimweka mtu wanayemjua aseme, wakamsikiliza mwenyewe, kisha wakasikiliza sauti yake ikitoka katika bafle. Ikiwa mtu yule amegeuka kuwa mtu mwingine, bafle ile ina kasoro. Kwa maana ngoma au gitaa laweza kukudanganya, hujui lilivyosikika siku ile. Lakini sauti ya mtu wa nyumbani kwako haikudanganyi.

«Basi ninyi,» alisema fundi, «mna kipimo bora kuliko cha wenye maduka. Mkienda kununua, msisikilize muziki wa muuzaji. Chukueni kaseti ya baba yenu.»

La tatu ni habari ya umeme. Mji wetu huupata umeme wake kutoka mto Ruzizi, unaotoka katika ziwa Kivu. Bwawa la kwanza lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili, ambalo Kongo, Rwanda na Burundi walilijenga kwa pamoja, mwaka 1989. Lakini watu wameongezeka sana vilimani, na kwetu Bagira umeme hukatika mara kwa mara, hushuka chini ya volti 220, kisha hurudi kwa nguvu kama tulivyojifunza kwa hasara. Kwa hiyo, mwenye kununua ampli ya thamani pasipo chombo cha kusawazisha umeme ni kama mwenye kununua viatu vizuri akatembea navyo matopeni. Tena na ahesabu betri yake. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi haifai kumalizwa kupita nusu, zabaki 600. Ziko ampli za daraja A, ambazo mabingwa wengi huzisifu kwa utamu wake. Mojawapo yaweza kula wati 200 hata ikiwa kimya, na betri yako itakwisha kwa saa 3. Ampli nyingi nzuri ni za daraja AB. Kwa sauti ya nyumbani zaweza kula wati 50 hivi, nawe utapata kama saa 12. Za daraja D, zilizo za siku hizi, hula kidogo kuliko zote, na nyingine zake ni nzuri sana. Mtu wa Ulaya huenda asihesabu hayo. Sisi ni lazima tuhesabu.

Tulipokwisha kujifunza, fundi alitupeleka kwa Mzungu mmoja wa Muhumba aliyekuwa akifunga safari ya kurudi kwao, naye alikuwa akiuza vitu vyake. Alikuwa na jozi mbili za bafle na ampli moja ya daraja AB, wati 50 kila upande. Jozi ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndefu, yenye kung'aa kama gari jipya. Ya pili ilikuwa masanduku ya mbao ya kawaida, ya Kiingereza, ya ukoo wa zile za BBC, yenye nguo iliyochakaa mbele. Mwenyewe akatuwekea santuri ya gitaa. Zile nyeusi zilisema kwa nguvu na kwa ukali, na Yaya akasimama mbele yake kama mtu aliyeona bibi arusi. Tulijua anachokiwaza: zitakavyopendeza wakwe wakija.

Kisha tukamwomba Mzungu ruhusa ya kuweka kaseti yetu.

Kwa zile nyeusi tulisikia kanisa zima likimetameta. Akina mama walikuwa wakali kama sindano. Kwa zile za mbao, mwanzoni tulidhani kuna kitu kimepungua. Sauti haikuturukia. Dada yetu akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa vidole. Sauti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha akainua kidole cha nne akakishikilia hivyo, na machozi yakamtoka. Nyuma ya wote, kushoto kidogo, alikuwapo mtu mmoja aliyeimba polepole, imara, pasipo kujionyesha. Hakuna aliyesema neno. Hata Yaya aliziacha zile nyeusi, akaja kukaa sakafuni pamoja nasi.

Bei ilikuwa dola 1,700 kwa ampli na bafle pamoja. Tuliomba, tukaeleza, akapunguza hadi 1,400. Hapa yafaa tuseme kweli yote. Fedha hizo hazikuwa za kuchezea. Sehemu yake tulikuwa tumeiweka kwa kubadili mabati ya nyumba, yaliyokuwa yameoza. Tukigawana mambo, wawili wetu walisema mabati kwanza, wawili wakasema masikio ya Mama hayangojei. Tulibishana njia nzima kutoka Muhumba hadi Bagira. Mwishoni aliyekata shauri ni yule aliyekuwa mkali zaidi kwa habari ya mabati. Alisema: «Mabati yatauzwa hata mwaka kesho.» Basi masika ile tuliweka ndoo tatu sebuleni, na mvua ilipiga katika ndoo zile. Kama tulikosea, tulikosea pamoja. Msomaji aliye na karo za watoto wasiolipiwa asitufuate. Na atangulize karo.

Tulipofika nyumbani kazi haikuwa imekwisha, maana chumba nacho ni chombo cha muziki. Kuta zetu ni za saruji tupu. Ukipiga makofi, makofi yanakujibu. Fundi alitutundikia pazia nzito upande mmoja, akatandika mkeka mnene, akasogeza kabati la vitabu upande wa pili. Makofi yakaacha kujibu. Akaziondoa bafle pembeni tulikokuwa tumezibana, maana pembe ya chumba huzidisha sauti nene kupita kiasi. Akaziweka mbele ya ukuta kwa nafasi ya sentimita 70, juu ya vigoda vizito, masikioni pa mtu aliyekaa. Nafasi kati ya bafle mbili akaifanya sawa na nafasi ya kutoka kila moja hadi kiti cha Mama. Kwa waya alitumia nyaya za shaba za kawaida, nene kiasi, za bei ndogo. Alisema wako wanaouza waya kwa bei ya ng'ombe, lakini kwa mita tatu au nne shaba nene ya kawaida yatosha. Vigoda akavifunga ukutani kwa kamba, kwa sababu hatujaisahau Dominika ile ya 3 Februari 2008, ardhi ilipotetemeka Bukavu nasi tulikuwa kanisani.

Kwanza tuliweka santuri moja ya Baba, kwa mashine tuliyoazima: Missa Luba, ile Misa iliyotengenezwa na Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, pamoja na waimbaji wake wa Kamina, na kuimbwa mara ya kwanza 1958. Baba aliipenda kuliko zote, nayo ilikuwa imekwaruzwa sana. Mama alitikisa kichwa kwa mdundo wake. Hakujua tulichokusudia.

Kisha tukaweka ile ya 1978. Tuliiweka kwa sauti ndogo tu, kama ya watu waongeao. Akina mama wakaingia. Sauti ya pili ikaingia, na ya tatu. Mama alikuwa akitazama mikono yake. Halafu ikaingia sauti ya nne, na ndani yake mmoja aliyeingia nyuma ya wenzake kwa kitambo kidogo sana.

Mama akainua kichwa.

«Huyo,» alisema. «Amechelewa. Siku zote alikuwa akichelewa kuingia.»

Hatukuwa tunalijua jambo hilo. Katika maisha yetu yote hakuna aliyetuambia kwamba Baba alichelewa kuingia. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema turudie. Tukarudia mara tatu. Yaya akataka kuongeza sauti, lakini Mama akamzuia kwa mkono.

«Acha hivyo. Majirani wamelala. Na yeye hakupenda kelele.»

Tangu siku hiyo husikiliza kila jioni umeme ukiwapo, na usipokuwapo betri hufanya kazi yake. Masikio yake yanaendelea kupungua. Ndege wa asubuhi hawasikii tena. Baba angali akimsikia.

Ndugu msomaji, ukitaka kununua vyombo vya namna hii, usianze kwa kuuliza bei wala wati. Jiulize kwanza ni sauti ya nani unayotaka kuisikia. Uichukue sauti hiyo, uende nayo, ukae kimya mbele ya bafle, ufumbe macho. Soma na maandishi madogo ya nyuma. Mpe fundi mwaminifu haki yake. Na kama wazazi wako wangali hai, wala hakuna bafle unayoihitaji kwa ajili yao, nenda leo ukae karibu nao, uwaache waseme.